Mkufunzi wa watangazaji: tulichonunua na tulichomkatalia

Nianze na bei, maana kila mwenzangu wa redio anayenipigia simu huanza nayo. Mkufunzi huyu hutoza shilingi za Uganda milioni mbili na laki nne. Kwa hizo unapata siku tano za kukaa naye kituoni, kisha miezi mitatu ya kumtumia rekodi naye azisikilize akiwa Kampala. Nauli, chakula na malazi ni juu yenu. Kwa redio ya mpakani kama yetu, ambako mwenye duka la mabati hulipia tangazo lake kwa mafungu na fungu la mwisho unalifuata mwenyewe dukani, hizo si hela za mchezo. Zinarudi? Zinarudi, ila hazipiti njia aliyotuonyesha.

Jina lake siliweki hapa. Hana ofisi wala bango, kazi anaipata kwa watu kuambizana, na ukiuliza kwa mameneja wa vipindi wa Kampala hutakosa namba yake. Ni mtu wa kizazi cha mwanzo cha redio za binafsi, wale walioingia studio baada ya Sanyu na Capital kuanza kurusha matangazo mwishoni mwa 1993. Shati lake hupigwa pasi hata siku umeme haupo, na sijui anafanyaje. Vijana walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Sisi tuko Busia, upande wa Uganda. Tunatangaza kwa Lusamia, Ateso, Luganda na Kiswahili, na kidonda chetu kilikuwa kipindi cha Kiswahili cha jioni. Mawimbi hayagongewi mhuri mpakani. Ukizungusha kidogo tu unakutana na Radio Citizen au Radio Maisha za Nairobi, zenye watangazaji wanaojulikana hadi kwa watoto. Mbadilisha fedha aliyekaa chini ya mwavuli wake, wakala wa forodha anayesubiri karatasi, dereva wa lori aliyezima injini, wote Kiswahili wanakijua na wote wana pengine pa kwenda. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, maafisa wa nchi mbili wakakaa chini ya paa moja, wasikilizaji nao wamechanganyika: huyu anayekusikiliza huwezi kujua alilala Uganda au Kenya. Mwenye redio alitaka kipindi kifutwe, Luganda iongezwe. Nikamwomba kwanza tulete mtu wa nje atusikilize.

Tulitegemea mhadhara. Tulipanga viti, tukatafuta na ubao. Mwalimu akaomba rekodi. Tena hakutaka kile kipindi cha Idi tulichokuwa tukijivunia. Alitaka cha Jumanne iliyopita, siku ambayo hapakutokea lolote. Akamwambia fundi aondoe nyimbo na matangazo yote, abakize tu pale maiki ilipokuwa wazi. Kipindi cha saa tatu kikabaki maneno ya dakika chache, na kusikia maneno yako yakifuatana hivyo, bila muziki wa kuyasitiri, ni adhabu tosha.

Kijana wetu wa jioni ana sauti nzuri, na anajua kwamba anayo. Rekodi ilianza: "Habari za jioni wasikilizaji wetu wapendwa popote pale mlipo, iwe uko nyumbani, shambani, ofisini, safarini, au hata kama umelazwa hospitalini, ni mimi mtangazaji wako mahiri..." Mwalimu akaisimamisha.

"Nani amelazwa hospitalini?"

Kijana akatabasamu, akidhani ni mzaha.

"Nauliza kweli. Yuko wodi gani?"

"Simjui, Mwalimu."

"Basi leo ukija kazini umemwona nani unayemjua?"

Kijana akafikiri. Akasema amemwona yule mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu, mmoja wa wale ndugu wenye ulemavu wanaovusha mizigo mpakani, amepakia trei za mayai hadi juu ya kichwa chake. Mnyororo ukamkatikia katikati ya barabara, lori nyuma linapiga honi, na vijana wa boda wakashuka wote kumsukuma. Yai hata moja halikuvunjika, lakini mzee aliwatukana kwa Lusamia mwanzo hadi mwisho kwa kuwa walikuwa wanasukuma kwa pupa.

"Hilo utalisema hewani jioni?"

"Hapana."

"Utasema nini?"

"Nitasema leo ni Jumatatu."

Tulicheka, na yeye akacheka. Mwalimu akampeleka studio, maiki ikawashwa bila kurusha, akamwambia asimulie hilo la mayai kwa mtu mmoja tu: yule mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara, tunayemwona kutoka dirishani. Asiseme wasikilizaji, asiseme mpendwa, asijitaje jina. Alimaliza chini ya dakika moja. Spika ya mapokezi ilikuwa imefunguliwa, na askari wetu wa getini, ambaye kwa kawaida hata mpira haumwamshi, akaja mlangoni kuuliza huyo mzee amepatiwa mnyororo mwingine au bado.

Hiyo ndiyo huduma. Mengine yote aliyofundisha yalitoka humo: maiki ikifunguliwa liwe jambo moja, ukishalisema funga, anza na jambo lenyewe, usianze na hali ya hewa, ukienda kwenye matangazo, usiseme "mengi mazuri yanakuja", sema ni lipi. Kijana alijaribu hilo la mwisho jioni ileile. Akasema baada ya matangazo ataeleza kwa nini nyanya leo zimeshuka bei upande huu na kupanda upande ule, na simu ikaanza kulia kabla matangazo hayajaisha, wachuuzi wakitaka kueleza wao.

Lakini kuna jambo ambalo mtu anayemwita ni lazima alijue. Mwalimu ni Muganda wa Kampala na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Rekodi zetu alizisikiliza nusu akielewa, nusu akibahatisha. Ajabu ni kwamba alikuwa akisimamisha palepale ambapo ningesimamisha mimi. Alikuwa anasikia pumzi: mtu anayesoma karatasi anavuta hewa mwisho wa mstari, mtu anayesema na mwenzake anavuta pale wazo linapogeuka. Alisikia tabasamu la kulazimisha. Alisikia mtangazaji aliyetazama saa. Kwa hayo huhitaji lugha, na sijaona mwenye sikio kama lake.

Yanayohitaji lugha ndiyo yalimshinda. Mzaha wa mpakani ulimpita. Tena alikuja na ile dhana ya kwao kwamba Kiswahili Uganda ni cha askari na madereva, kwa hiyo mtangazaji wake awe mkali kidogo, aamrishe amrishe. Nilimwambia atoke nje aende sokoni. Hapa Kiswahili ndicho kinachouza vitunguu, na tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi hata wazazi waliokuwa wakikicheka wanawauliza watoto wao wamejifunza nini. Alienda, akarudi na mfuko wa ndizi aliouziwa bei ya mgeni, akaacha hoja hiyo.

Upande wa muziki nitaupita haraka kwa sababu sina la kubisha. Mpanga nyimbo wetu alikuwa anapiga kilichoko kwenye flash yake na kile ambacho marafiki zake wa boda wamemwomba. Mwalimu akamkalisha, wakagawa nyimbo mafungu: zinazovuma sasa, zilizovuma miaka ya karibuni ambazo watu bado wanaimba, na za zamani. Bongo fleva, lingala na kadongo kamu, zile nyimbo za gitaa za Kiganda, zikawekwa kwa uwiano, sio kwa hamu ya siku. Fungu la kwanza linarudi mara nyingi, la mwisho mara chache, na wimbo haurudi saa ileile kila siku. Kazi ya asubuhi moja, na malalamiko ya "mnarudia rudia" yamepungua sana.

Kisha akachora saa kubwa kwenye karatasi ya manila, akaikata vipande: hapa wimbo, hapa maneno, hapa matangazo. Hapo tukaanza kuvutana. Alitaka matangazo yakae mbali na mpaka wa kila robo saa, mtu asikilize dakika tano za robo hii na tano za robo inayofuata. Nikamuuliza kwa nini. Kumbe hesabu hiyo imetoka Marekani, ambako wasikilizaji walikuwa wakijaza daftari za kupima usikilizaji na mtu alihesabiwa kwa robo saa akisikiliza angalau dakika tano. Ni akili nzuri kwa mwenye daftari. Sisi Busia hakuna aliyetuletea daftari. Watu wetu wengi husikiliza redio ya jirani: ya kinyozi, ya kibanda cha rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya pikipiki iliyofungwa spika. Hawawashi wala hawazimi, wanaketi na kuondoka. Kinachowafanya wavute kigoda ni jambo linalosemwa, si dakika lilipowekwa. Saa yake tumeibakiza ukutani kwa ajili ya kupanga matangazo, maana kweli tulikuwa tunayarundika hadi dereva anafika Tororo hajasikia wimbo. Ile mipaka ya robo tumeifuta.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa salamu.

Kila jioni tuna nusu saa ya salamu. Watu wanatuma ujumbe wa simu, mtangazaji anasoma: salamu zimwendee mama watoto kule Majanji, zimfikie na Mzee wa Dabani, ziwaendee vijana wote wa machimboni Tiira, ujumbe wao ni subira yavuta heri. Mwalimu alisikiliza dakika kadhaa akavua hedifoni. Kata, akasema. Futa kabisa. Kampala haya yalikufa zamani. Majina thelathini, na kila jina linamhusu mtu mmoja. Wale wengine wote mnawafukuza.

Vijana walinitazama mimi. Nikamwambia Mwalimu, wewe umetufundisha tuseme na mtu mmoja, na huyu hapa mtu mmoja ametuandikia kwa hela yake. Mvuvi wa Majanji anayemsalimu mkwe wake wa Lumino hewani anafanya kazi ambayo simu haifanyi, kwa sababu simu angesikia mkwe peke yake. Redio inasikiwa na majirani wa mkwe. Kesho yake wanamwambia: jana tumesikia umesalimiwa. Ukiikata hiyo unakata sababu ya watu wa vijiji vile kuweka betri kwenye redio.

Akasema: hoja nzuri, lakini sikiliza mnavyozisoma. Akairudisha rekodi. Na kweli, kijana alikuwa anazisoma kama mwalimu wa darasa anavyoita rejista, jina, kituo, jina, kituo, hata huyo mkwe mwenyewe angelala kabla hajafikiwa. Hapo alikuwa na haki yote.

Tulivyofanya sisi, bila yeye, baada ya yeye kuondoka: tumepunguza salamu zinazosomwa kila jioni, na kabla ya kipindi mtayarishaji anawapigia waliotuma, anawaomba kila mmoja aseme jambo moja tu kuhusu huyo anayemsalimu. Jambo moja, lisilo sifa. Mama mmoja wa Lumino alituma salamu kwa kaka yake anayeendesha lori la kwenda Juba. Alipoulizwa, akasema: "Mwambieni wale kuku alioniachia sasa wamefika kumi na wawili, na jogoo ananisumbua." Ikasomwa hivyo hivyo. Siku kadhaa baadaye kaka akapiga simu akiwa Malaba, madereva wenzake walikuwa wamemfikishia: "Mwambieni dada kuku ni wangu, asiuze hata mmoja." Basi. Busia nzima ikaingia kwenye kuku. Wengine upande wa dada, maana ndiye anayelisha. Wengine upande wa kaka. Mzee mmoja wa Masafu alituma salamu kwa jogoo. Watu waliokuwa hawajawahi kututumia ujumbe walikuwa wanauliza kuku wamefikia wangapi, na mwuza vyakula vya kuku wa pale sokoni akaja mwenyewe ofisini, bila kufuatwa, akanunua udhamini wa ile nusu saa. Amelipa kwa mkupuo. Kwa hesabu yangu huyo peke yake ataizidi bei ya Mwalimu kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkufunzi alileta hizo hela, nitakwambia chombo ni chake na shamba ni letu. Angetuachia ushauri wake kama ulivyo, leo tungekuwa na nusu saa ya nyimbo ambazo Nairobi wanazipiga vizuri kuliko sisi.

Kuhusu simu za moja kwa moja, alitusaidia zaidi ya nilivyotegemea. Mtangazaji wa Uganda ana woga wake na una sababu. Tangu serikali ilipopiga marufuku ebimeeza mwaka 2009, mikutano ile ya mijadala iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja, mtu anayepokea simu hewani huwa mkono mmoja uko kwenye kitufe cha kukata. Mwalimu hakutuhubiria ujasiri. Alituwekea utaratibu: mtayarishaji anapokea kwanza, anauliza jina, mahali, na unataka kusema nini kwa sentensi moja. Asiye na sentensi anaombwa apige baadaye. Kisha mtangazaji anamkaribisha kwa hiyo sentensi yake, sio kwa "haya mpigaji, tuambie". Simu zimekuwa fupi, na mkono umeshuka kutoka kwenye kitufe.

Kwangu mimi mwenyewe, kilicholipa ni namna ya kumkosoa mtangazaji. Zamani nilikuwa namvizia kwenye korido akitoka studio, jasho bado linamtoka, namwambia matatu kwa pamoja. Mwalimu alinikataza. Sasa tunakaa kila wiki siku iliyopangwa, tunasikiliza dakika chache, yeye mtangazaji anasema kwanza alichosikia, mimi nachagua moja la kubakiza na moja la kurekebisha, basi. Mengine nayameza. Kuyameza ndiko kugumu, lakini kijana wa jioni ameacha kuniita "madamu" kwa ile sauti ya kuogopa daktari wa meno.

Sasa lawama. Karatasi zote alizogawa zilikuwa za Kiingereza, na mtangazaji wetu wa Ateso, mama mwenye miaka mingi hewani kuliko sote, alizikunja akaweka mkobani, sidhani zimetoka. Alipaswa kuambiwa mapema, nanyi mwambieni. Mwenye redio alialikwa siku ya kwanza, akakaa nusu saa, akatoka na simu sikioni. Mwalimu hakumng'ang'ania, na hilo lilitugharimu, kwa sababu anayeleta mgeni studio bila taarifa katikati ya kipindi ni huyo huyo. Na ile miezi mitatu ya rekodi ni dhaifu. Mwezi wa kwanza alijibu vizuri, ujumbe wa sauti mrefu wenye mambo. Baada ya hapo nikawa nambipu, anasema yuko Mbarara, yuko Gulu, atasikiliza kesho. Rekodi nyingine hadi leo zina tiki mbili za buluu na hakuna neno.

Ushauri wangu kwa mnaofikiria kumwita: lipeni nusu akifika na nusu miezi mitatu ikiisha, sio yote mwanzoni tulivyofanya. Msimwite majira ya kampeni, maana wagombea wamenunua saa zote na hakutakuwa na kipindi cha kusikiliza. Mwandalieni rekodi za siku za kawaida. Kama kituo chenu ni cha Kiswahili, mketishe karibu yake mtu anayejua mzaha wa mahali penu, mwenye mdomo wa kumbishia; akibishiwa anafurahi, na hapo ndipo anatoa vitu vyake vizuri. Kama mnachotafuta ni mtu wa kuja kuwaambia mko sawa, hela zenu nunulieni betri za jenereta.

Sisi tumeshampigia aje tena kwa ajili ya kipindi cha asubuhi cha Lusamia, akitanguliza kusikiliza zile rekodi anazodaiwa. Ya salamu tumemwambia asiiguse. Amecheka, akauliza kuku wangapi.